Mtenda katika Miongozo ya Mazingira: Mfano wa Wangari Maathai

Miongozo ya kuhifadhi mazingira haijashughulikiwa ipasavyo katika uhakiki wetu. Aghalabu huachiwa wataalamu wa misitu na kilimo, kana kwamba lugha haina dhima ndani yake. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tunashikilia kwamba manufaa ya mwongozo hutegemea sana jinsi unavyomtaja mtenda.

Tuchukue kauli iliyozoeleka: "Inafaa miti ipandwe." Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa. Mpanzi hatajwi, wakati hautajwi, wala hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba kazi imetimia. Msomaji huafiki, akafunga kitabu, hakuna aliyeagizwa.

Wangari Maathai, aliyeasisi Green Belt Movement mwaka 1977, anafuata njia nyingine katika The Green Belt Movement: Sharing the Approach and the Experience, toleo la 2003. Utaratibu wa hatua kumi wa vuguvugu hilo unaanza na kuunda kikundi na kuishia na ufuatiliaji wa miti iliyopandwa. Mtenda anajulikana tangu mwanzo. Isitoshe, malipo madogo yalitolewa kwa miche iliyoshika, si kwa iliyofukiwa tu ardhini. Hivyo maana yenyewe ya "kupanda" inapanuliwa ikajumuisha kutunza.

Chimbuko la utaratibu huo linadhihirika katika tawasifu yake, Unbowed (2006). Wataalamu wa misitu waliwafundisha wanawake kwa istilahi nzito zisizowafaa. Wanawake wakarejelea maarifa yao ya shambani: waliotesha mbegu hata katika vyungu vilivyovunjika, wakaviweka mahali pa juu, mbali na kuku na mbuzi. Mwongozo unaowakumbuka kuku unaujua ua wa msomaji wake.

Hata hivyo, kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanawake wengi wa vijijini walizipata hatua hizo kwa mdomo, katika lugha zao. Kwa hakika, hadhira yake ni mwandalizi wa vikundi kuliko mpanzi mwenyewe. Pengo hilo lingali linawasubiri waandishi wa Kiswahili.

Anayedhamiria kuliziba hana budi kujibu maswali matatu: nani atatenda, lini, na atajuaje kwamba amefaulu? Kiswahili kimejaliwa viambishi vya nafsi; visifichwe nyuma ya kauli ya kutendwa.