Viungo vya Nyumba ya Zege la Kiwandani: Mwongozo kwa Mnunuzi

Katika soko la nyumba la Uingereza umeenea mtindo wa kusifu nyumba yoyote ya zege la kiwandani, yaani nyumba ambayo nguzo na paneli zake zilimiminwa kiwandani kisha zikaunganishwa kwenye kiwanja, mradi tu imevikwa ukuta mpya wa matofali na kuwekewa madirisha ya kisasa. Sifa hizo hazistahili, na zinamdhuru mnunuzi, kwa sababu zinapima sehemu isiyobeba uzito wowote. Ubora wa nyumba ya namna hii umo katika chuma kilichozikwa ndani ya zege na katika viungo vinavyoshikanisha vipande vyake. Yaliyobaki ni uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Nyingi kati ya nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya serikali za mitaa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati matofali na mafundi waashi walikuwa haba. Mfano unaojulikana sana ni nyumba za Airey, zilizobuniwa na Edwin Airey wa Leeds, ambazo husimama juu ya nguzo nyembamba za zege zilizowekwa karibukaribu na kufunikwa kwa vibao vya zege vinavyolaliana. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua nyumba za umma, lakini muda si mrefu ukaguzi ulifichua nyufa katika nguzo za nyumba za aina nyingi, hata Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1984 ya kuwasaidia wale walionunua bila kujua kasoro hizo.

Chanzo cha nyufa hizo ni kutu. Zege changa lina ualkali mkali unaoikinga nondo, lakini hewa ya kaboni dioksaidi hupenya polepole na kuupunguza ualkali huo, hali inayoitwa ukabonishaji. Hali hiyo inapoifikia nondo pakiwa na unyevu, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hulipasua zege kutoka ndani. Hatari huongezeka pale ambapo kiwanda kilitia kloridi ya kalsiamu ili zege ligande upesi na kalibu zitumike tena mapema, kwa maana kloridi huharakisha kutu. Mkaguzi stadi hutoboa zege na kulipaka fenolfthaleini, kemikali inayogeuka rangi ya waridi penye ualkali na kubaki bila rangi mahali ambapo kinga imekwisha.

Hata hivyo, jambo ambalo mnunuzi asiye mzoefu hulikosa kila mara ni kiungo, yaani mahali paneli inapokutana na paneli au sakafu, pengo ambalo hupaswa kujazwa mota kavu, mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga unaoshindiliwa kwa mkono mpaka usibaki upenyo. Kazi hiyo haionekani ikishakwisha, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopima uaminifu wa fundi. Katika jengo la Ronan Point mjini London, lenye ghorofa 22, mlipuko wa gesi wa tarehe 16 Mei 1968 katika ghorofa ya 18 uliisukuma nje paneli ya ukuta, na kona nzima ya jengo ikaporomoka na kuua watu wanne. Msanifu majengo Sam Webb alishikilia kwa miaka mingi kwamba viungo vya jengo hilo vilikuwa vibovu, na lilipobomolewa mwaka 1986, hatua kwa hatua ili lichunguzwe, ndani ya viungo yalikutwa mapengo na magazeti yaliyoshindiliwa mahali pa mota. Waliofanya hivyo walijua kwamba plasta ingewafichia.

Kwa hiyo ukaguzi wa kweli huanzia darini, chini ya paa, ambako kwa kawaida hakuna plasta wala rangi, na ambako vichwa vya nguzo na viungo vya ukuta wa pembeni hubaki kama fundi alivyoviacha. Kiungo chema kimejaa, kingo zake ni kali, na kikigongwa kwa nyundo ndogo hutoa mlio mkavu; mlio wa uwazi humaanisha kwamba zege limeachana na chuma au mota haikufika. Mkaguzi hana budi kupanda darini na tochi kabla ya kutazama sebule. Aidha, muundo wenye viungo vichache ni bora kuliko wenye viungo vingi: mhandisi John Alexander Brodie alitumia muundo wa namna hiyo mapema huko Liverpool, ambako mwaka 1905 alijenga makazi ya Eldon Street kwa paneli kubwa za ukubwa wa ukuta mzima wa chumba. Vilevile, zege lililoachwa wazi ni la kuaminiwa zaidi kuliko lililopakwa rangi nzito, kwani rangi hufunika nyufa.

Ukarabati halali ni ule ulioziondolea nguzo za zege mzigo wote na kuukabidhi kwa kuta mpya, ukathibitishwa kwa cheti cha mhandisi. Ukuta wa matofali uliosimamishwa mbele ya nguzo zilezile si ukarabati. Ikiwa nyumba imeungana na ya jirani, hali ya jirani nayo ichunguzwe, kwa kuwa baadhi ya wakopeshaji hukataa kutoa mkopo wakati nusu ya pili haijatengenezwa. Mnunuzi asiyeoneshwa cheti, au anayezuiwa kupanda darini, asinunue.