Nisomee Kilichoandikwa

“Dada, klasta imekufa.” Wengi waliobisha hodi kwenye chumba cha fundi wa klasta ya chuo walianza hivyo, naye hakuwahi kubishana nao. Alisogeza kiti, akasema: “Karibu. Nisomee kilichoandikwa, neno kwa neno.”

Wakati wa shahada yangu ya uzamili meza yangu ilikuwa karibu na mlango wake, nami nilimsikiliza kama wengine wanavyosikiliza redio. Klasta ya chuo ni kompyuta nyingi zilizounganishwa na kutumiwa na watu wengi: wa hali ya hewa, wa jenetiki, wa fizikia. Wote huingilia mlango mmoja, huacha kazi zao kwenye foleni, na programu iitwayo Slurm huzigawia mashine. Ndiyo maana mtu akikwama peke yake hudhani chuo kizima kimekwama.

Siku moja alikuja kijana wa jenetiki, machozi yakimlenga. Jana aliingia vizuri, leo seva inamkataa, na ufunguo wake wa SSH, njia ya kuingilia seva kutoka mbali, ni uleule. Mwingine angemtengenezea ufunguo mpya, nao ungekataliwa vilevile. Fundi alimuuliza taratibu: “Jana, kabla hujatoka, amri yako ya mwisho ilikuwa ipi?” Kijana akakumbuka. Alitaka mwenzake asome data zake, akaandika chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, kwenye folda yake kuu.

Basi, ni hapo. SSH ikikuta folda kuu ya mtu inaweza kuandikwa na yeyote, haiiamini tena orodha ya funguo iliyomo ndani, kwa kuwa mtu mwingine angeweza kupenyeza wake. Aliwafungulia wote, akajifungia nje mwenyewe. Sababu yenyewe seva huiandika kwenye logi zake tu; aliye nje huambiwa hana ruhusa, basi. Fundi alimgeuzia skrini ili auone mstari ule wa logi kwa macho yake, akairudisha folda kwenye 700, yaani ruhusa kwa mwenyewe tu, kisha akamfungulia folda ya pamoja ya kikundi chao. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia zaidi. Kijana alikuwa na haja ya kweli, na haja ile isingeondoka kwa kukemewa.

Mimi nami nilipata zamu yangu. Kazi yangu iliuawa usiku, ikaacha namba 137 tu. Fundi aliigawa kwenye karatasi: 128 na 9. Hiyo 9 ni ishara ya kuua, ambayo programu haiwezi kuikataa, na kwenye klasta mara nyingi maana yake ni kwamba memori uliyoomba imekwisha. Niliomba gigabaiti 8. Nikataka sasa niombe 64 nilale salama. “Usikisie,” alisema, “pima.” Tukaendesha sehemu moja ya data kwa nafasi ya kutosha, tukaangalia kilele cha matumizi: 11. Nikaomba 14. Ombi kubwa husubiri nafasi kubwa, lakini dogo hupenyezwa kwenye mwanya, kama kifurushi kinachopata pa kukaa katikati ya magunia. Isitoshe, memori niliyoishika bila kuitumia asingeigusa mtu mwingine.

Mengine aliyamaliza chai ikiwa bado ya moto. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows ikabeba alama zisizoonekana mwisho wa kila mstari. Diski “iliyojaa” wakati folda inaonekana tupu, kumbe gigabaiti zimelala kwenye faili zilizofichwa, zile zinazoanza na nukta.

Kisha akaja profesa mmoja, amekasirika. Mashine zaonekana wazi, kazi yake haianzi. Fundi akamwomba asome safu ya sababu kwenye orodha ya foleni. Profesa akaipitisha macho haraka na kusema ni makosa ya mfumo. “Profesa, kazi hii huchukua siku ngapi hasa?” Tatu. “Na umeomba?” Saba. Baada ya siku tano klasta ingezimwa kwa matengenezo, na Slurm haianzishi kazi ambayo muda wake ulioombwa unavuka saa ya kuzima. Wakapunguza saba ikawa nne. Kitambo kidogo, hali ya kazi ikageuka kutoka PD, inasubiri, hadi R, inaendeshwa. Profesa aliivaa miwani yake, akainama kwenye skrini, akaitafuta ile sababu ya mwanzo, na safari hii akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.