Makande Hayana Kosa

Mjukuu wangu asomaye Dar es Salaam alikuja likizo hapa Same, akakuta makande mezani. Akasema, "Samahani babu, lakini hiki si chakula cha bwenini?" Jana yake alikuwa amenisimulia alivyoonja sushi ya Wajapani: kuna ya wali uliofinyangwa kwa mkono na kuwekewa kipande cha samaki juu, kuna ya wali uliozungushiwa mwani na kukatwa vipande, na kuna ya bakuli. Wali ni uleule wenye siki, ila kila namna ina jina lake. Nikajiuliza, kwa nini ya Wajapani yawe ufundi na ya Wapare yawe adhabu?

Ndugu msomaji, makande si chakula kimoja. Yapo ya mahindi mabichi na maharage mabichi, ambayo huiva upesi na hayadai zaidi ya chumvi na kitunguu. Yapo ya mahindi makavu yaliyokobolewa: hunyunyiziwa maji, hutwangwa kinuni mpaka ganda litoke, kisha hupepetwa kwa ungo. Yapo ya mahindi yasiyokobolewa, ambayo hula kuni nyingi. Tena kuna ya kuungwa kwa maziwa na ya kuungwa kwa nazi. Wakikuyu wana githeri yao, na Wakamba wana muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa.

Yakiharibika, wa kulaumiwa ni mpishi. Mkahawa mmoja wa barabarani uliniuzia sahani ambayo mahindi makavu na maharage vilitiwa sufuriani wakati mmoja. Maharage yakawa uji, mahindi yakabaki mawe. Tena palitiwa magadi, ambayo hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni.

Hata hivyo, simlaumu mpishi yule peke yake. Nilipokuwa mkuu wa shule, makande yalipikwa vivyo hivyo, kwa mahindi yaliyotobolewa na wadudu, siku sita kwa juma. Wakaguzi walipokuja, niliamuru sufuria lile lifichwe, wageni wapikiwe wali. Wanafunzi waliona. Na baadaye, katika chuo cha ualimu, niliwafundisha walimu watarajiwa kwamba mahindi yana upungufu wa lisini, na maharage huufidia. Niliyoyasema ubaoni nilikuwa nimekwisha kuyakana jikoni. Mtoto hujifunza zaidi kwa kile mwalimu anachokificha.

Kesho yake nilimpa mjukuu ungo. Alimwaga nusu ya mahindi uani, kuku wakafaidi. Yaliyobaki tuliyachemsha kwanza peke yake, ndipo tukatia maharage yaliyolowekwa usiku kucha, mwisho tukaunga kwa maziwa. Hakuyasifu, ila aliongeza sahani ya pili. Nimelipa kwake kidogo. Kwa wale wa bweni, deni bado ninalo.