Jiwe la Kivukoni na Sikio la Fundi

Upande wa Bweni, njia inapoteremka kuingia mto Pangani, utingo hushuka garini kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkononi ana jiwe. Huliweka mbele ya tairi la nyuma, dereva akaachia breki, na gari lenye mzigo likaegemea jiwe lile mpaka likadidimia kwenye changarawe. Pantoni ikifika, jiwe halitoki kwa mkono. Hupigwa nyundo.

Siku moja nilipanda pikapu ya nazi kutoka Mwera, Toyota Hilux ya miaka mingi, na jiwe likateleza. Gari likashuka kuelekea majini. Dereva alikanyaga breki, pedali ikaenda chini. Akakanyaga tena, na mara ya tatu ndipo gari likashika. Hakuna aliyeumia. Tulipovuka, nazi zilisubiri. Dereva alikwenda moja kwa moja kwa fundi.

Gereji ya fundi huyo ni kivuli cha mwembe na turubai iliyotandikwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hendibreki unaivuta?"

"Hiyo haishiki siku nyingi, mzee. Naweka gia, na jiwe."

"Basi ugonjwa umeshautaja mwenyewe."

Nilidhani anamkemea. Kumbe alikuwa ameshaliona tatizo kabla ya kufungua nati hata moja. Breki za dramu za nyuma katika Hilux za aina ile hujirekebisha zenyewe, lakini kwa sharti moja: hendibreki ivutwe. Kila inapovutwa, kijino cha chuma husukuma kigurudumu chenye meno kilichomo ndani, na shuu zilizolika husogezwa karibu na dramu. Dereva asiyeivuta huliacha pengo kati ya shuu na dramu likue siku baada ya siku. Siku atakayozihitaji, mguu utasukuma mafuta mengi kujaza pengo lile kabla breki haijagusa kitu. Ndiyo maana pedali ilikanyagwa mara tatu pale Bweni.

Dereva alitaka breki kubwa zaidi. Alisikia kuna watu hufunga silinda nene, wengine hung'oa dramu wakaweka diski. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwanza irudi ilivyozaliwa. Tukishafika hapo, ndipo tuulize kama inapungukiwa."

Akaanza. Aliweka mawe kwenye matairi ya mbele, akapiga jeki, akatoa tairi. Dramu ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Wengi hapo huchukua nyundo. Yeye alipangusa uso wa dramu kwa brashi ya waya mpaka yakatokea matundu mawili madogo yenye hesi, akaingiza boliti mbili na kuzikaza kwa zamu, robo raundi huku, robo raundi kule. Dramu ikajisukuma yenyewe, ikatoka bila jeraha. Matundu yale yamewekwa na kiwanda kwa kazi hiyo hiyo.

Vumbi la ndani hakulipuliza. Alilimwagia maji ya sabuni, akalisugua likiwa limelowa, kwa kuwa shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, na mapafu hayana spea. Kisha akapitisha ukucha ndani ya dramu, kutoka katikati kuelekea ukingoni. Ukucha ulikwama kwenye tuta. Dramu ile, yenye kipenyo cha milimita 295 ikiwa mpya, imeandikwa mwisho wake kwenye chuma chenyewe: 297. Alipima pande tatu na kukuta bado kuna nyama ya kutosha. Ikaenda Tanga kukerezwa, ikarudi kesho yake ikiwa laini.

Breki ya dramu ni ya kale. Mfaransa Louis Renault ndiye hutajwa zaidi kwa kuiunda mwaka 1902, na mpaka leo pikapu nyingi zinazobeba mizigo ya pwani yetu husimama kwayo kwa nyuma. Sababu ipo. Shuu inayotangulia mzunguko, ikigusa dramu, huvutwa na mzunguko wenyewe na kuzidi kubana. Tunasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapa ngoma yenyewe ndiyo inayoivuta shuu. Ndiyo maana mkono mmoja, kwa kebo nyembamba, unaweza kuzuia gari lililojaa nazi mlimani, mradi shuu ziwe karibu.

Kwa nini basi hendibreki ilikufa? Fundi aliingia chini ya gari na kuniita nitazame. Nyuma ya bamba la breki kuna kiwiko kidogo cha chuma ambacho kebo hukivuta, nacho husukuma shuu zilizomo ndani. Kimevikwa mpira, lakini mpira ule ulikuwa umepasuka, na hewa ya chumvi ya Pangani ilikuwa imekigandisha kiwiko pale pale. Alikitoa, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, akakipaka grisi, akakivika mpira mpya. Alikirudisha na kukisukuma kwa kidole kimoja, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayefurahi kumwona mgonjwa akikunja goti.

Shuu mpya alizipaka chaki, akafunga dramu, akaizungusha, akafungua. Chaki ilikuwa imefutika nchani tu, katikati imebaki nyeupe. Alipiga msasa nchani, akapaka chaki tena. Mara ya nne ilifutika karibu yote. Kila silinda aliifunua mpira wake kuona kama ndani kumelowa, na mafuta ya breki aliyabadilisha yote, kwa sababu mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya mwambao haina uchoyo wa unyevu. Kijana wake alikaa kwenye usukani wakatoa upepo: "Kanyaga. Shikilia. Achia."

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi kilikuwa juu ya ekseli. Hilux ile ina valvu inayopima mzigo, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likibeba, bodi hushuka, fimbo huisukuma valvu, na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, valvu huzipunguzia ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Mwenye gari alikuwa ameongeza springi ili abebe zaidi. Bodi ikainuka. Tangu siku hiyo valvu iliamini gari ni tupu, hata likiwa limesheheni nazi, na ikazinyima breki za nyuma nguvu. Aliyeongeza springi alitaka gari liwe imara, akawa amelipunguzia breki. Fundi alirekebisha fimbo kidogo kidogo, akijaribu gari tupu kisha likiwa na mzigo. Silinda kubwa haikuhitajika tena.

Mwisho ukawa wa sikio. Alichomoa kizibo cha mpira nyuma ya bamba, akaingiza bisibisi, akawa anazungusha kigurudumu cha meno, jino moja moja, mpaka tairi likagoma. Akarudisha meno machache, akazungusha tairi na kuinamisha kichwa. Ilisikika sauti ndogo ya kusugua, kama mguu peku ukikokotwa mchangani. Aliomba watoto wanyamaze. Upande wa pili aliutafutia sauti ile ile, maana breki zinazotofautiana huvuta gari upande. Aliporudi kutoka kulijaribu gari barabarani, aligusa dramu zote mbili kwa nyuma ya mkono: joto lilikuwa sawa.

"Sasa uivute hendibreki kila unaposimama," alimwambia dereva. "Hata tambarare. Ndivyo inavyojitunza."

Mradi wa barabara ya pwani inayopita hapa una daraja la mita 525 juu ya mto Pangani. Mteremko wa pantoni utasahaulika, na magari yatakwenda kasi zaidi. Kasi hiyo itahitaji watu wa namna hii kuliko kivuko kilivyowahitaji.

Wiki iliyofuata nilikuwa tena Bweni, kwenye pikapu ile ile yenye nazi. Dereva alivuta hendibreki. Utingo, kwa mazoea, akashuka na jiwe na kuliweka mbele ya tairi. Pantoni ilichelewa. Ilipofika, utingo alishika nyundo, akainama, akaiweka chini. Kati ya tairi na jiwe palikuwa bado na nafasi ya kidole. Akaliokota kwa mkono mmoja.