Maombolezo Yasiyo na Maneno: James MacMillan na Isobel Gowdie

Kazi iliyomtambulisha mtunzi Mskoti James MacMillan kwa hadhira kubwa ni The Confession of Isobel Gowdie, utungo wa okestra uliopigwa kwa mara ya kwanza mjini London, Agosti 1990, katika tamasha la Proms. MacMillan alizaliwa mwaka 1959 huko Kilwinning, akakulia Cumnock, mji wa wachimba makaa ya mawe, katika jamaa ya Kikatoliki ndani ya nchi yenye Waprotestanti wengi. Alisomea muziki katika vyuo vikuu vya Edinburgh na Durham.

Isobel Gowdie alikuwa mwanamke wa Auldearn, kaskazini mwa Uskoti. Mwaka 1662 aliungama mara nne mbele ya wachungaji na wakubwa wa mahali hapo kwamba alikuwa mchawi. Maungamo hayo ndiyo karibu yote tunayojua juu yake, nayo yaliandikwa na upande wa waliomhoji. MacMillan ameuita utungo wake misa ya wafu ambayo Isobel hakuipata.

Muziki huanza kwa utulivu. Ala za nyuzi hufuma nyimbo za Kiskoti na za ibada, hata isitambulike ipi ni ipi. Kisha hufuata vurugu kali ya shaba na ngoma, yenye mapigo 13 ya ghadhabu; halafu maombolezo hurudi. Mwishoni okestra nzima hukusanyika katika noti moja, ambayo huvimba hadi ikafunika kila kitu.

Hapa ndipo penye swali la uhakiki. Mtunzi anachukulia kwamba Isobel aliuawa, ilhali kumbukumbu zilizobaki hazionyeshi hukumu yake. Je, maombolezo hayo yamejengwa juu ya dhana tupu? La. Utungo hausimulii kifo. Unaonyesha umati unavyogeuka kuwa silaha. Wala hauhitaji moto ili uwe wa kweli: ungamo lililotolewa mbele ya wenye uwezo wa kuua linatosha kuombolezwa.

Wengine wangeweza kulalamika kwamba Isobel mwenyewe hasikiki. Hakuna mwimbaji wala neno lake hata moja. Lakini ukimya huo ndio heshima kuu ya kazi hii. Maneno yake yote yalitolewa kinywani mwake na wahoji. Kumpa tena maneno kungekuwa kumhoji mara ya tano.

Mwaka 1999, katika hotuba mjini Edinburgh, MacMillan aliishutumu nchi yake kwa chuki dhidi ya Wakatoliki, na mabishano makali yakazuka. Hotuba ilipata wapinzani kwa sababu ilitaja washtakiwa. Utungo wa 1990 ulikuwa umekwisha kusema jambo lililo karibu na hilo bila kumtaja yeyote, na kila msikilizaji akaachiwa ajiulize angesimama upande gani siku ile Auldearn.