Upande wa Pili wa Santuri: Wapenzi wa Gitaa wa Jinja na Mbale kama Wahakiki

Utangulizi

Kila muhula tunasahihisha insha za wanafunzi juu ya nyimbo za muziki wa dansi, na kila muhula insha hizo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Dhamira kuu ni mapenzi. Ujumbe ni kwamba watu wavumiliane. Mtunzi ametumia takriri na tashbihi. Basi, kazi imekwisha. Gitaa halitajwi hata mara moja, ilhali wimbo wenyewe una dakika nane na maneno yake humalizika katika dakika ya nne.

Wakati huohuo, katika vibanda vya kupakia nyimbo kwenye simu na flashi mjini Jinja na Mbale, kwenye vinyozi na katika teksi zinazosubiri kujaa, kuna watu ambao hawajawahi kukaa katika darasa letu la fasihi na ambao hubishana juu ya nyimbo hizohizo. Huyu anampendekezea mwenzake mpiga gitaa, yule anasifu albamu, wa tatu anasimulia onyesho alilohudhuria. Makala haya yanakusudia kuyachukua mapendekezo hayo kama uhakiki na kuyapima kama tunavyoupima uhakiki wowote. Hoja yetu ni kwamba wapenzi hawa wanalisikia jambo ambalo darasa letu halilisikii, lakini mara nyingi wanakosa maneno ya kulithibitisha. Sisi tuna maneno, lakini hatusikilizi. Hasara ni ya pande zote mbili.

Kiswahili kilichokuja na gitaa

Msomaji wa mbali anaweza kushangaa kwa nini tunautafuta uhakiki wa Kiswahili mashariki ya Uganda, katika nchi ambayo kwa muda mrefu imekiona Kiswahili kuwa lugha ya askari. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukiongezea marafiki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Hizo ni njia za serikali. Lakini kulikuwa na njia nyingine, nayo haikuhitaji amri.

Jinja ilikuwa mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vya nguo na sukari viliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, wakiwamo waliotoka magharibi ya Kenya. Katika mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba, Kiswahili kilikuwa lugha ya jirani na jirani. Mbale nako reli na biashara ya mpakani vilifanya kazi hiyohiyo, na ng'ambo ya mpaka kuna Wabukusu ambao ni ndugu wa Wagisu. Redio haikujali mpaka. Kwa hiyo nyimbo za Nairobi zilifika huku mapema, nyingi zikiwa za Kiswahili.

Tena Uganda haikuwa mpokeaji tu. Daudi Kabaka, ambaye sauti yake ilitamba Nairobi katika miaka ya 1960, alizaliwa Kyambogo mwaka 1939. Samba Mapangala na bendi yake ya Les Kinois walipiga Kampala katikati ya miaka ya 1970 kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, na huko mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Kwa hiyo kijana wa Mbale anayempendekezea mwenzake albamu ya Virunga Volcano, iliyotolewa London mwaka 1990, anamrudishia jambo ambalo lilipita mlangoni kwao.

Upande wa kwanza na upande wa pili

Santuri ndogo za zamani zilikuwa na nafasi ya dakika nne au tano kila upande. Nyimbo nyingi za dansi zilikuwa ndefu kuliko hapo, kwa hiyo zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Aghalabu upande wa kwanza ulichukua hadithi, yaani beti na kiitikio. Ukiigeuza santuri unakutana na sebene: waimbaji wanapungua, magitaa yanachukua uwanja, na wachezaji ndio wanaoinuka.

Wapenzi wa rika la wazee bado wanazungumza hivyo. Utamsikia mzee akimwambia kijana kwamba wimbo fulani asiuhukumu kabla hajafika upande wa pili, ingawa kijana ana simu mkononi na simu haina pande. Huu si ushamba. Ni kanuni ya uhakiki: usiitoe hukumu kabla kazi haijakwisha.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika somo la fasihi simulizi tunawaambia wanafunzi kwamba wimbo ni utendaji, kwamba fanani na hadhira ni sehemu ya kazi. Kisha tunauandika wimbo kwenye karatasi, beti tatu na kiitikio, tunagawa nakala na kuuliza maswali. Yaani tunafundisha upande wa kwanza peke yake, na upande wa pili tunauacha mlangoni. Ushahidi kwamba upande huo una maana yake uko wazi hapahapa kwetu. Nyimbo za Franco Luambo, aliyefariki mwaka 1989, zinapendekezwa Mbale na watu ambao hawajui Kilingala. Kama maana yote ingekuwa katika maneno, watu hao wangekuwa wamependa nini kwa miaka yote hiyo?

Aina tatu za mapendekezo

Tukiyasikiliza mapendekezo ya wapenzi hawa, tunayaona katika mafungu matatu.

La kwanza ni la namba. Fulani ni namba moja, fulani ni namba mbili. Hii ni desturi inayowavutia zaidi vijana wanaofuatilia pia muziki wa roki, na desturi hiyo ina wenyewe: jarida la Rolling Stone la Marekani lilipotoa orodha yake ya wapiga gitaa 100 bora mwaka 2003, lilimweka Jimi Hendrix juu ya wote. Hatuna ugomvi na Hendrix. Lakini kipimo hicho kinamtazama mtu mmoja aliyesimama mbele ya jukwaa na gitaa lake, wengine wakiwa nyuma yake. Muziki wa dansi haukujengwa hivyo. Una gitaa la solo, gitaa la kati, gitaa la ridhimu na gitaa zito la besi, na utamu wake uko katika namna yanavyopokezana. Kuuliza nani bora katika bendi ya namna hiyo ni kama kuuliza ni jiwe lipi kati ya mafiga matatu linaloivisha chakula.

La pili ni la kumbukumbu. Wimbo unapendekezwa kwa sababu ulipigwa kwenye arusi ya mtu, au mwaka ambao kiwanda kilikuwa bado kinaajiri. Kumbukumbu ni jambo la heshima, lakini haimwambii asiyekuwapo asikilize nini. Hapa neno lenyewe tunalolitumia linatuponza. Redio za Tanzania na Kenya zimetuzoesha kuziita nyimbo hizi "zilipendwa". Tulichambue kama tunavyochambua vitenzi darasani: ni kauli ya kutendwa, wakati uliopita, na mtendaji hatajwi. Zilipendwa na nani? Kwa sababu gani? Na je, hazipendwi tena? Neno limetoa hukumu na kuficha hakimu. Kijana anayeletewa wimbo chini ya jina hilo ameambiwa tayari kwamba shauri lilikwisha kabla hajazaliwa. Si ajabu anaondoka.

La tatu ni la sikiliza hapa. Mtu anasema: ngoja waimbaji wanyamaze, kisha usiisikilize solo, isikilize ridhimu iliyo chini yake. Au: mcharaza gitaa huyu hana haraka, anaacha nafasi. Pendekezo la namna hii linaonyesha mahali, linataja jambo na linamwachia msikilizaji nafasi ya kukubali au kukataa. Kwa mtazamo wetu hili ndilo linalostahili jina la uhakiki, awe amelisema profesa au kinyozi.

Na lugha ya kulisema ipo. Wapenzi wa dansi wana vitenzi ambavyo kila kimoja kimebeba hukumu. Kupiga gitaa ni kitenzi kisichoegemea upande wowote; hata ngoma na simu hupigwa. Kucharaza kuna wepesi na ukali wa bakora ndani yake. Kukung'uta kunatuonyesha mkono unaorudiarudia kama wa mtu anayetoa vumbi mkekani. Kuliza ni kauli ya kutendesha: chombo kimefanywa kilie, na pengine msikilizaji pia. Mwanafunzi anayejua tofauti ya vitenzi hivi vinne ana kifaa cha uhakiki kuliko yule anayeandika kwamba "muziki unavutia sana".

Tujaribu kwa wimbo mmoja

Tuuchukue "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kutoka Simba Wanyika. Wimbo huu hausahauliki Jinja wala Mbale. Insha ya kawaida itasema: msemaji anajitetea mbele ya mtu anayemchukia, dhamira ni wivu, ujumbe ni kwamba chuki haifai. Hayo ni sahihi, nayo yote yako upande wa kwanza.

Lakini tusikilize bendi. Mtu anayeshutumiwa kwa kawaida hupandisha sauti, na hapa hakuna anayepandisha. Mwendo ni wa taratibu. Besi ya Tom Malanga iko mbele kabisa, inatembea bila wasiwasi. Gitaa la ridhimu la "Profesa" Omari Shabani linarudia mzunguko wake kwa utulivu, na John Ngereza anaimba kama mtu aliyekaa barazani kwake. Maneno yanajitetea, magitaa hayajitetei. Kwa hiyo mhakiki anaweza kuuliza swali ambalo karatasi ya beti tatu haiwezi kulizaa: je, utulivu huu ni wa mtu asiye na hatia, au ni wa mtu aliyejizoesha kusema hana hatia? Sisi tunaelekea kwenye jibu la pili. Msomaji anaweza kutupinga, lakini atalazimika kurudi kusikiliza ili atupinge.

Hatudai kwamba kila wimbo unapimwa hivi. Katika kadongo kamu, ambayo jina lake la Kiganda linataja gitaa dogo moja tu, neno ndilo linaloongoza na gitaa hulifuata. Anayemchambua marehemu Paul Kafeero kwa maneno yake kwanza hajakosea. Omutibo wa magharibi ya Kenya, aliouimba George Mukabi kabla ya kifo chake mwaka 1963, uko katikati: Kiswahili chepesi, vidole vinavyodonoa nyuzi, na chupa ya soda inayogongwa kushika mwendo. Kila aina ina mizani yake, na kazi ya mhakiki huanza kwa kuichagua mizani iliyo sawa.

Nini kifanyike

Kuna jambo linalotuhimiza. Wazee wanaojua kuuelezea upande wa pili wanapungua, na msamiati wao unaondoka pamoja nao. Vijana wana nyimbo nyingi kuliko mzee yeyote aliyepata kuwa nazo, na tangu 2015 tamasha la Nyege Nyege limekuwa likiwaleta wanamuziki wa nchi nyingi katika eneo la Jinja. Lakini wingi wa nyimbo hauleti wenyewe maneno ya kuzihukumia. Wakati huohuo shule zetu zinaambiwa zifundishe Kiswahili kwa wanafunzi ambao wazazi wao walikiogopa. Tukiwapa lugha ya kukaririsha ngeli peke yake, watafaulu mtihani na kukiacha chumba cha mtihani pamoja na lugha yenyewe. Tukiwapa lugha ya kusema kwa nini wanapenda wanachokipenda, wataitumia nje ya lango.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja lisilohitaji fedha. Kila mwanafunzi amtafute mpenzi wa muziki mtaani kwake, amwombe pendekezo la wimbo mmoja, na aandike maneno ya mtu huyo kama yalivyosemwa. Darasani aainishe: ni la namba, la kumbukumbu, au la sikiliza hapa? Likiwa la namba au la kumbukumbu, arudi amwulize mwenye pendekezo swali moja zaidi: nisikilize wapi? Kisha wimbo upigwe darasani hadi mwisho, na insha iandikwe juu ya pande zote mbili. Sharti ni moja tu: neno "nzuri" lisitumike.

Wanafunzi watakaorudi na kitenzi cha gitaa ambacho hatukukitaja hapa wakilete idarani. Tutakichapisha katika toleo lijalo, pamoja na jina la mtaa kilikosikika.