Kuitangulia Sauti

Likunja, wilayani Ruangwa, hatuna uwanja wa ndege. Anayetaka kuiona ndege ikiwa chini, karibu kiasi cha kuhesabu matairi yake, ashike njia ya Nachingwea, na huko nako awe na bahati. Za juu tunazo. Hupita mbali, nyeupe, zikiacha mstari unaotanuka taratibu hadi kuchanganyika na mawingu, na kwa hizo watoto wa Ruangwa hujifundisha wenyewe kwamba jicho lisifuate sikio. Jeti ikiwa kilomita 11 juu, mngurumo wake huchukua zaidi ya nusu dakika kuifikia mikorosho, na muda huo yenyewe imeshasogea kilomita nane au tisa. Anayetazama sauti inakotokea huona anga tupu. Mjuzi hutazama mbele ya sauti.

Nimewatazama wapigapicha wa ndege wa Dar es Salaam kwa muda sasa, na naona ufundi wao mwingi ni huohuo wa kuitangulia sauti. Ni wachache, na wengi wao wana kazi nyingine za kuwalisha. Ukimkuta mmoja pembeni ya Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, lenzi ndefu begani, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, utadhani anaisubiri ndege itokee ndipo aanze kazi. Kumbe kazi ameshaimaliza karibu yote. Ameshajua itatokea upande gani, jua litakuwa wapi, na kasi gani ya shata ya kamera itamfaa. Kubonyeza ni jambo la mwisho, na kwa wanaoujua ufundi huu, ni jambo dogo.

Aanze na upepo. Ndege hutua ikiukabili upepo, na njia kuu ya Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita 3, imeandikwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho: 50 ni kaskazini mashariki, 230 ni kusini magharibi. Miezi ya kaskazi ndege huingia kutoka upande wa Gongo la Mboto, pua zikielekea mjini. Kusi likishika, nyingi huzunguka na kushuka kupitia upande wa Buguruni na Vingunguti, juu kidogo tu ya mabati ya watu. Ila Dar ina hila zake. Kusi mara nyingi hukata ubavuni, na alfajiri upepo wa barani unaweza kugeuza mpango wote kabla chai haijapoa. Zanzibar mambo ni mepesi zaidi, maana njia ya uwanja wa Abeid Amani Karume ni 18/36, imelala kusini na kaskazini kabisa. Rubani wa leo anaufuata upepo uleule alioufuata nahodha wa jahazi, na mpigapicha anayezijua pepo za bahari hahitaji kuuliza asimame wapi.

Simu imerahisisha mengine. Ndege nyingi za abiria hujitangaza zenyewe kwenye masafa ya megahezi 1090, zikisema zipo wapi, juu kiasi gani na zinakwenda kasi gani. Programu kama Flightradar24 hukusanya matangazo hayo kutoka kwa watu waliofunga vipokezi vidogo majumbani mwao. Mawimbi hayo hayapindi, lakini kwa ndege iliyo kilomita 11 juu yanaweza kufika umbali wa kilomita 400 hivi. Antena moja juu ya bati pale Likunja, pasipo mlima wa kuikinga, ingeweza kuzinasa ndege zilizo juu sana katika anga la Dar es Salaam, na nyingine ndani kabisa ya Msumbiji. Nalisema hili kwa sababu kijana wa Ruangwa anayedhani mambo haya ni ya watu wa mjini hana haja ya kuhama kijiji ili aanze.

Lakini simu haijui mwanga. Vitabu vya Ulaya humshauri mpigapicha asimame kusini mwa njia ya ndege ili jua limkae mgongoni. Kwetu ushauri huo hufaa miezi mitano tu. Dar es Salaam jua la adhuhuri hukaa kusini kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Miezi mingine yote liko kaskazini. Katikati ya vipindi hivyo hupita utosini, na hapo hakuna upande wa kusimama: tumbo la ndege huwa jeusi na mgongo unawaka. Lami nayo huanza kuchemka. Hewa ya moto juu yake hucheza, ikapinda madirisha na kuzitetemesha herufi, na lenzi ya bei yoyote haiwezi kulitibu hilo. Kwa hiyo saa nne asubuhi wenye uzoefu wanafunga mabegi. Hurudi jioni kwa ule mwanga wa dhahabu ambao katika nchi za huku haukawii kwisha. Siku nzuri kuliko zote ni ile mvua imenyesha usiku, vumbi limekaa chini, na unyevu unatosha kufanya ukungu mweupe uruke juu ya mabawa ndege inapotua.

Kisha kuna suala la Bombadia, yaani Q400 ya propela. Watu hudhani kasi kubwa ya shata ndiyo ufundi, na kwa jeti ni kweli: sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kila kitu kimeganda safi. Ifanyie hivyo Q400 ya Air Tanzania, utapata ndege iliyozimika angani, panga zake zimesimama kana kwamba rubani amekata mafuta. Propela za Q400 zina panga sita, na wakati wa kupaa huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde kila panga husogea nyuzi sita tu. Shusha shata hadi sehemu 1 ya 125 ya sekunde, panga husogea karibu nyuzi 50. Na kwa kuwa kati ya panga na panga kuna nyuzi 60, duara linakaribia kujaa na injini inaonekana hai. Ubaya ni kwamba ndani ya muda huohuo ndege yenyewe imesogea kama nusu mita. Kamera isiposogea nayo, kwa mwendo uleule, bila kupanda wala kushuka, picha inakuwa uji.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mpigapicha hupanda miguu kama aliyetia nanga, viwiko vimebana mbavu, na kiuno ndicho kinachogeuka. Huanza kuifuata ndege ingali mbali, bado ni nukta, ili inapofika mbele yake mwili uwe umeshaizoea kasi yake. Hubonyeza akiwa bado anageuka, na huendelea kugeuka baada ya kubonyeza. Kati ya picha nyingi hubaki moja, na hiyo moja huikagua kwa ukali wa karani wa mahakama: upeo wa macho umenyooka? Herufi zinasomeka? Kuna doa la vumbi angani? Mitandao mikubwa ya picha hizi, kama JetPhotos, ina wakaguzi wanaorudisha picha kwa kosa la upande mmoja kuinama kidogo. Wapo wanaoona huo ni ushamba wa kizungu. Mimi naona ni adabu ya kazi.

Herufi zinastahili neno lake. Kila ndege ina namba yake ya usajili, na mwanzo wake hutaja nchi: 5H Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, A4O Oman. Kwa mpita njia, Dreamliner yenye twiga mkiani ni Dreamliner tu. Kwa hawa, ile iliyotua Julai 2018 ni 5H-TCG, na haichanganywi na dada zake. A220 ya kwanza iliyokuja Desemba mwaka huohuo ni 5H-TCH. Air Tanzania ndiyo iliyotangulia Afrika nzima kuipokea aina hiyo. Mwaka 2022, matatizo ya injini yalipozisimamisha baadhi ya A220 hizo, mwenye daftari la namba hizo aliweza kusema ni ipi imelala na ipi inaruka.

Daftari la namna hiyo linaweza kuonekana mchezo wa watoto hadi siku linapohitajika. Januari 2004 mpenzi wa ndege mmoja alipiga picha huko Palma, Hispania, ya Boeing 737 yenye namba N313P. Baadaye ilikuja kujulikana kuwa ndege hiyo ilitumiwa na CIA kusafirisha watu waliokamatwa kwa siri, na picha ile ikawa miongoni mwa vitu vilivyowasaidia waandishi wa habari kuifuatilia.

Mfano ulio karibu nasi hauna majasusi. Shirika la East African Airways lilikuwa na jeti tano aina ya Super VC10, zilizoanza kuja mwaka 1966, na usajili wake uligawanywa kwa nchi tatu: mbili Tanzania, mbili Uganda, moja Kenya. Moja, 5X-UVA, ilianguka Addis Ababa Aprili 1972. Shirika liliposambaratika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi la anga za kujazia mafuta angani, zikapewa namba mpya. Hapo kwa watu wengi hadithi imekwisha. Wapenzi wa ndege hawakuziacha. Kila ndege ina namba ya kiwandani isiyobadilika hata ikipakwa rangi gani. Kwa sababu yao tunajua kwamba ZA150, VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, ni ileile 5H-MOG yetu. Tunajua pia kwamba ndege ya aina hiyo iliyoruka kwa mara ya mwisho, Septemba 2013, ilikuwa ZA147, zamani 5H-MMT. VC10 zilifunga safari zao kwa ndege iliyowahi kuandikwa Tanzania, na sijasikia tukilitaja hilo popote.

Kuna upande wa askari pia. Viwanja vya ndege ni sehemu nyeti, na kamera bila kibali inaweza kumlaza mtu pabaya. Wapenzi wa ndege 12 wa Uingereza na 2 wa Uholanzi walikamatwa Ugiriki Novemba 2001 wakishukiwa ujasusi, wakahukumiwa, na hawakusafishwa hadi rufaa ya mwaka uliofuata. Wajanja wa Dar hutafuta ruhusa kwanza, na husalimia kabla ya kufungua begi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Leo unavizia nini?”

“Muhabeshi, mzee, ile ya Ethiopia. Kachelewa kidogo.”

Salamu si kibali, lakini hupunguza maneno. Zamani Embakasi, Nairobi, palikuwa na roshani ya kuwapungia mkono wasafiri, na familia zilikwenda pale kutazama ndege kama watu waendavyo ufukweni. Roshani ya namna hiyo, iliyo halali na yenye ulinzi, ingetutosha.

Nachingwea nayo ina sehemu yake katika hadithi hii ya herufi. Uwanja wake ni mtoto wa mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. Reli ya mradi iling'olewa, uwanja ukabaki, na hadi leo duniani hutambulika kwa herufi HTNA. Ratiba za East African Airways za miaka ya 1950 zilikuwa na jina la Nachingwea. Ndege za shirika wakati huo, zikiwemo Dakota, zilisajiliwa Kenya kwa herufi za kikoloni, VP-K, na mbili nyingine nyuma yake. Wapo wazee wa Nachingwea na Ruangwa waliopiga picha wakisindikizana pale, suti zimenyooshwa, kanga mpya, ndege nyuma yao. Mwenye picha kama hiyo kwenye sanduku la bati asiikate ili iingie kwenye fremu. Aipige kwa simu ikiwa nzima, mchana, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera. Herufi huwa ubavuni, nyuma ya bawa, na mara nyingi bega la mtu limeficha moja. Zilizobaki kwa kawaida zinatosha kuitambua ndege.